Mashuka Yaliyokataa Kukunjuka

Pindo alipewa barua ya kufukuzwa kazi siku ya Jumanne, saa mbili na robo asubuhi, akiwa ameshika ncha mbili za shuka. Ncha nyingine mbili zilikuwa mikononi mwa Chiriku. Karani wa utumishi alisimama kando ya meza ya kukunjia na bahasha yake ya kaki, akasubiri, kwa sababu kila mtu katika hospitali ile alijua kwamba Pindo haachi shuka njiani.

"Tumalizie hili kwanza," alisema Pindo.

Wakalimaliza. Shuka la hospitali ni pana, na mtu mmoja hawezi kulikunja bila kuliburuza sakafuni, kwa hiyo katika chumba cha kufulia walikunja wawili wawili. Husimama wakitazamana, wakalinyoosha, wakaunganisha pindo kwa pindo. Kisha mmoja humwendea mwenzake mpaka vidole vikagusana, akamkabidhi ncha zake, akainama kuokota mkunjo unaoning'inia. Pindo na Chiriku walikuwa wamefanya hivyo kwa miaka kumi na mmoja, na siku hizi hawakuhitaji tena kutazama mikono yao. Chiriku aliongea tangu asubuhi mpaka kengele ya kutoka, ndiyo maana wakamwita Chiriku. Pindo, aliyeitwa hivyo kwa sababu hakupitisha pindo lililokaa upande, alisikiliza. Chiriku alimwita dada ingawa hawakuzaliwa tumbo moja, na alipoolewa, Pindo ndiye aliyesimama mahali pa ndugu zake.

Barua ilikuwa na aya tatu. Mashuka mapya arobaini yamepotea stoo. Shahidi alimwona mtajwa akiyatoa kwa mlango wa nyuma, ndani ya mfuko wa nguo chafu, Ijumaa ya wiki mbili zilizopita, saa kumi jioni. Ajira yake inakoma leo kwa kosa la wizi. Maelezo ya shahidi yalikuwa yamebanwa nyuma ya barua, na chini yake palikuwa na sahihi yenye mkia mrefu. Pindo aliijua. Yeye ndiye aliyemfundisha Chiriku kutia sahihi kwenye kadi za tarehe bila kupandanisha herufi.

Aliinua macho. Chiriku alikuwa ameanza kuhesabu foronya ambazo zilikwisha hesabiwa.

"Umeyasoma haya?" Pindo aliuliza.

"Sikuyasoma, dada. Nilitia sahihi tu."

Pindo alivua aproni, akaikunja, akaiweka mezani. Langoni mlinzi alipekua mkoba wake, akakuta chupa ya chai, miwani na kitambaa cha kichwa. "Nisamehe, mama," alisema mlinzi, "nimeambiwa." Pindo alimwambia hakuna neno.

Kesho yake asubuhi muuguzi wa wodi ya wanaume alichukua shuka rafuni, akalikung'uta kama kawaida, na shuka likabaki mraba. Alijaribu kwa kucha, akajaribu kwa meno, kisha akachukua la pili. La pili nalo lilikataa. La tatu lilikuwa limekunjwa na watu wengine, likakunjuka vizuri.

Kufikia adhuhuri walikuwa wameelewa. Kila bunda la mashuka huchomekewa kadi yenye tarehe, saa za kukunjwa na sahihi za waliokunja, ili ya zamani yatumike kabla ya mapya. Yaliyokataa yote yalikuwa na kadi za Pindo na Chiriku. Yalikuwa mia tatu na kumi na mawili. Seremala wa hospitali alileta koleo akavunja ukucha. Daktari wa upasuaji alikata moja katikati kwa mkasi wake mkubwa, akapata miraba miwili midogo. Mengine yalirudishwa kwenye mashine, yakafuliwa kwa maji ya moto, yakatoka safi, yakiwa yamekunjwa. Wauguzi walikuwa na kazi nyingi, na mashuka hayakuwahi kutosha hata kabla ya hapo, kwa hiyo waliwawekea miraba chini ya kiuno wale waliokuwa na maumivu zaidi na kuendelea na dawa za saa saba.

Pindo alikuwa mjane. Nyumba ya pili kutoka kwake aliishi shemeji yake, kaka wa marehemu mumewe, karani mstaafu wa mahakama aliyebaki na taipureta yake na mazoea ya kusoma kila karatasi mara tatu. Aliisoma barua mara tatu.

"Shemeji, kabla ya hii walikuita kwenye kikao?"

"Hawakuniita."

"Walikuandikia tuhuma, wakakupa nafasi ya kujibu?"

"Tuhuma nimezikuta humo humo."

"Basi hapo wameteleza." Alivua miwani akaifuta. "Kabla hatujafika mbali, niambie unataka nini. Kurudi kazini, kufidiwa, au kusafishwa jina?"

"Nataka neno wizi litoke."

"Ndilo gumu kuliko yote," alisema shemeji. "Hayo mengine yana fomu."

Alimweleza polepole, akihesabu kwa vidole vya mkono mmoja na kusahau kidole alichofikia. Wangeandika rufaa kwa mkurugenzi wa hospitali, wasiitegemee sana. Wangekiarifu chama cha wafanyakazi. Zaidi ya yote, wangepeleka malalamiko ofisi ya usuluhishi wa migogoro ya kazi kabla siku thelathini hazijapita, kwa sababu siku ya thelathini na moja hata malaika hasikilizwi. Usuluhishi ukishindikana, jambo linakwenda kwa mwamuzi, naye ndiye mwenye meno. "Lakini shahidi wao ni mmoja," alisema. "Akifuta maelezo yake, hawana kitu. Asipoyafuta, ni neno lake na lako, na lake limepigwa mhuri."

Mkurugenzi hakujibu. Katibu wa tawi la chama alisema suala limepokelewa, na alipokuwa akisema hivyo alikuwa akimtazama msimamizi wa stoo aliyekuwa akipita uani. Fomu ya malalamiko ilifika ofisi ya usuluhishi siku ya tisa. Shemeji aliomba nakala igongwe mhuri mara mbili, endapo mmoja utafifia.

Siku ya kumi na mbili, mchana, Chiriku alibisha hodi kwa Pindo. Alikuwa ameshika bahasha na daftari la kupokelea barua.

"Nimetumwa," alisema. "Wamesema mimi ndiye ninayepajua hapa."

"Karibu ndani."

"Siwezi kukaa, dada."

Barua ilisema kwamba Pindo anazuia mali ya mwajiri, yaani mashuka mia tatu na kumi na mawili, kwa kuyaacha katika hali isiyokunjuka, na kwamba ana siku saba za kurekebisha hali hiyo. Pindo aliisoma akiwa amesimama mlangoni.

"Umejaribu kuyakunjua mwenyewe?"

"Nimejaribu mpaka vidole vimevimba. Muuguzi mkuu anasema yanawataka waliokunja."

"Wote wawili?"

"Wote wawili."

"Basi futa yale maelezo. Kesho asubuhi nakuja, tunayakunjua yote."

Chiriku alitazama kizingiti. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja alikaa kimya mpaka mtu mwingine akalazimika kuongea, na hakukuwa na mtu mwingine isipokuwa Pindo, ambaye hakuongea. Mwishowe alisema, "Mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi, dada."

"Wangu uliisha Jumanne."

"Naomba sahihi yako hapa, kuwa umepokea."

Pindo alitia sahihi. Chiriku alimshukuru na kuondoka.

Shemeji aliifurahia barua hiyo kuliko zote. Alijibu kwamba mtu aliyefukuzwa hawezi kupewa maagizo ya kazi. Kisha, akiwa bado ameinamia taipureta, aliuliza Ijumaa ile saa kumi Pindo alikuwa wapi.

"Mezani. Tulikuwa tunakunja."

"Kuna kadi?"

"Kila bunda lina kadi."

Wakaomba, kwa barua, shuka la mwisho la Ijumaa ile liletwe kwenye usuluhishi pamoja na kadi yake. Hospitali ilikubali, kwa kuwa shuka lenyewe halikuwa na kazi.

Ofisi ya usuluhishi ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vifaa vya shule. Msuluhishi alikuwa mwanamke wa makamo mwenye kalamu tatu za rangi tofauti. Upande mmoja wa meza walikaa mwanasheria wa hospitali, msimamizi wa stoo na Chiriku. Upande wa pili walikaa Pindo na shemeji yake. Shuka liliwekwa katikati. Kadi ilisomeka: Ijumaa, saa tisa na nusu hadi saa kumi na robo, na sahihi mbili.

"Kwa hiyo saa kumi wote wawili walikuwa mezani," alisema shemeji. "Aliyemwona akitokea mlango wa nyuma alikuwa ameshika upande wa pili wa shuka hilo hilo."

Mwanasheria alisema kadi huandikwa na wakunjaji wenyewe, na saa zinaweza kuandikwa baadaye. Msuluhishi alitaka kuona kama kuna kadi nyingine ndani. Alivuta ukingo wa shuka, akavuta tena, akaweka kalamu chini.

"Mlilikunja wawili?"

"Ndiyo," walijibu wote.

"Basi likunjueni wawili."

Pindo na Chiriku walisimama. Ofisi ilikuwa ndogo, ikabidi msimamizi wa stoo asogeze kiti. Walishika ncha, na miguu yao ikarudi nyuma yenyewe, hatua sita kila mmoja, Chiriku mpaka kwenye kabati la mafaili. Shuka lilikunjuka bila shida yoyote.

Kwanza ndani yake ilitoka ngurumo ya mashine za kukaushia. Kisha ikasikika sauti ya Pindo: "Shikilia hapo, nikazime namba tatu, inaunguza." Nyayo zikaenda mbali. Nyayo nyingine zikaja, za viatu vya ngozi.

"Yale arobaini yako kule kwangu, nyumba ya wageni," ilisema sauti ya msimamizi wa stoo. "Wakaguzi wanakuja Jumatatu. Lazima yawe yamepitia kwa mtu."

"Mtu gani?" ilikuwa sauti ya Chiriku.

"Huyu dada yako. Leo, saa hizi, mlango wa nyuma."

"Huyu hapana, bosi. Mwingine yeyote."

"Huyu ana miaka ishirini na mbili hapa, watamwonya tu. Wewe una mkataba wa kuhesabu siku."

Mashine zilinguruma kwa muda.

"Niandike nini?"

"Nitaandika mimi. Kazi yako ni sahihi."

"Haya."

Viatu vya ngozi viliondoka. Nyayo za kwanza zilirudi, na sauti ya Pindo ikasema, "Haya, vuta." Kisha Chiriku, kwa sauti ile ile ya siku zote, akaanza kusimulia habari za paka wa jirani aliyejifungulia ndani ya gitaa la mwalimu wa kwaya, na jinsi mwalimu alivyokataa kulipiga mpaka watoto wafumbue macho. Pindo alisikika akicheka mpaka akakohoa. Wakalikunja. Shuka likanyamaza.

Pindo aliyaangalia mapindo. Yalikuwa yamenyooka. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa amemwendea Chiriku, akagusa vidole vyake, akayafunga maneno yale ndani kwa mikono yake huku akicheka.

"Linaweza kurudia?" aliuliza msuluhishi.

Wakalikunja, wakalikunjua. Lilirudia yote, pamoja na paka. Msuluhishi aliandika kwa kalamu ya kijani: *Sauti imesikika mara mbili.* Mwanasheria alisimama akasema kwamba anapinga. Shuka halikula kiapo, haliwezi kuulizwa maswali, na zaidi ya hayo ni mali ya mteja wake. Msimamizi wa stoo alisema kwamba sauti ni yake, hilo hakatai, ila wakati huo alikuwa ofisini kwake, kama daftari lake la mahudhurio linavyoonyesha. Alikuwa amekuja nalo.

Msuluhishi alimgeukia Chiriku. "Ile sauti nyingine ni yako?"

"Ni yangu."

"Na sahihi iliyo kwenye maelezo haya?"

"Ni yangu."

"Vyote viwili haviwezi kuwa kweli. Unasimamia kipi?"

Chiriku alikuwa bado ameshika ncha zake mbili. Alimtazama Pindo, na Pindo akamtazama, kila mmoja upande wake wa shuka. Shemeji baadaye alisema kwamba katika miaka yote ya mahakama hajaona swali lililokaa hewani muda mrefu namna ile, na kwamba alidhani wameshinda.

"Nasimamia nilichosaini," alisema Chiriku.

Kisha akamwendea Pindo, akamkabidhi ncha zake, akainama kuokota mkunjo.

Msuluhishi alieleza kwamba kazi yake ni kupatanisha, hana mamlaka ya kuamua. Akajaza fomu ya kushindikana kwa usuluhishi.

Mwamuzi alisikiliza shauri wiki saba baadaye. Alikuwa mtu makini na aliandika uamuzi wa kurasa kumi na nne. Kuhusu shuka alisema kwamba amelisikia, kwamba hana sababu ya kulitilia shaka, na kwamba sheria haijaweka mahali pa kuliandika. Kuhusu shahidi alisema kwamba maelezo yake hayajafutwa na mwenyewe. Kuhusu utaratibu alisema kwamba hospitali ilikosea sana kumfukuza mtu bila kumsikiliza, na akaamuru Pindo arudishwe kazini ili asikilizwe.

Alirudishwa kazini Alhamisi. Alivaa aproni saa moja na nusu, akaitwa kwenye kikao saa nne, akasikilizwa kwa dakika tisa. Safari hii alifukuzwa kwa kufuata utaratibu. Barua mpya ilikuwa na aya nne, na neno wizi lilikuwa katika aya ya pili na ya nne.

"Tunaomba mapitio mahakama ya kazi," alisema shemeji, akibadilisha utepe wa taipureta. "Yanaweza kuchukua miaka miwili. Unaweza kungoja?"

"Nitakuwa nafanya nini kingine?" alisema Pindo.

Alikuwa amepita hoteli tatu na dobi wawili wakubwa. Wote walipenda mkono wake, na wote, walipoisoma barua ile, walimwambia watamwita.

Aliyekuja ni muuguzi mkuu wa wodi ya wanawake. Alikuja mchana, na sare yake, akakataa chai.

"Mama Pindo, sikutumwa na mtu. Nina wagonjwa kumi na wawili wamelala kwenye plastiki tupu. Migongo inawachubuka."

"Wanasema mimi ni mwizi."

"Najua wanavyosema. Shuka lile nalo nimelisikia. Lakini wagonjwa wangu hawajui hata moja kati ya hayo mawili."

Pindo alifikiri mpaka Jumanne, kisha akaenda.

Alipita langoni kama mgeni. Katika daftari la wageni palikuwa na safu ya sababu ya kuingia, na mlinzi aliandika "kukunjua." Pembeni yake palikuwa na safu ya tahadhari, naye kwa unyonge mkubwa akaandika neno lile lililokuwa kwenye barua. Wakati wa kutoka alimpekua mkoba. Ilikuwa hivyo kila Jumanne.

Chiriku alikuwa akimsubiri mezani. Mkataba wake ulikuwa umeongezwa kwa miaka mitatu, na sasa ndiye kiongozi wa meza ya kukunjia. Hawakusalimiana kwa maneno. Walishika ncha, wakarudi nyuma hatua sita, na shuka baada ya shuka likafunguka na kutoa lililokuwa limefungwa humo. Kwenye mengi ilikuwa mvua juu ya bati, au kengele, au Chiriku akiuliza bei ya vitambaa vya harusi. Jumanne ya nne walifungua la juma lile Pindo aliporudi kazini baada ya kumzika mumewe. Alisikika akilia, kilio kidogo cha mtu anayejua yuko kazini, na Chiriku akimwambia, "Nipo, dada. Nipo hapa hapa, sitakwenda popote." Walisubiri mpaka shuka likamaliza, wakaliweka kwenye kigari pamoja na mengine.

Shuka lililokwisha kufunguliwa na wao wawili halikukataa tena mikono ya mtu yeyote. Lilifuliwa, likakunjwa na wengine, likatandikwa. Ila maneno yake yalibaki, na kila aliyelikung'uta aliyasikia.

Jumanne nane zilitosha. Kabla ya kengele ya mchana walikuwa wamefikia la mwisho.

"Tumemaliza, dada," alisema Chiriku. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa muda wa miezi miwili.

"Wewe ulimaliza zamani," alisema Pindo, na akachukua mkoba wake.

Njia fupi ya kwenda langoni ilipita wodi ya wanawake. Karibu na dirisha muuguzi kijana alikuwa akimtandikia bibi mmoja mgeni, aliyeletwa asubuhi ile na mguu uliovunjika. Alikung'uta shuka, na mashine za kukaushia zikanguruma wodini. Pindo alisimama. Wagonjwa wengine hawakugeuka. Mmoja alikuwa akisuka, mwingine alikuwa akimenya chungwa. *Yale arobaini yako kule kwangu, nyumba ya wageni,* ilisema sauti. Msimamizi wa stoo, aliyekuwa akihesabu vitanda mwisho wa wodi, alinyamaza kidogo ili asipoteze hesabu yake, kisha akaendelea.

"Nani huyo anayeongea?" aliuliza bibi.

"Ni shuka, bibi."

Bibi alisikiliza mpaka mwisho, mpaka kwa paka.

"Na wanayosema ni kweli?"

"Kweli tupu," alisema muuguzi. "Hebu nyanyua mguu huo mzima, nichomekee."